Nafasi Tuliyomwachia Bibi

Harufu ya dagaa wakavu hainiingii puani, inaniingia masikioni. Najua jambo hilo halisemeki mbele ya daktari, lakini ndivyo lilivyo. Nikipita mwalo wa Katonga asubuhi, dagaa wametandazwa mchangani wanameta kama mtu amevunja vioo vya mji mzima, badala ya kunusa nasikia. Nasikia kitufe cha redio kaseti kikibonyezwa, klak, kisha ule mvumo wa kanda inayozunguka bila kitu, kisha Mama akivuta pumzi. Sababu yenyewe ni nyepesi. Kanda zetu zilivuka ziwa ndani ya magunia ya dagaa, na zile ambazo hazijasafiri zilikaa chumbani kwetu kando ya magunia hayo hayo mpaka zikanuka kama zilivuliwa kwa wavu. Wakati huo nilikuwa mtoto wa kimo cha dumu la mawese, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko mimi mara kumi. Kanisani waliniweka nyuma ya nguzo ili nguzo ipunguze makali, na bado wazee waliokaa benchi la nyuma walikuwa wakisinzia misani kwa sikio moja tu, lile la upande ambao sikuwapo.

Tulikuwa Warundi tunaojifanya Waha. Haikuwa kazi kubwa, maana Kiha na Kirundi ni lugha mbili zinazoishi kama wapangaji waliotenganishwa na ukuta wa mabanzi: ukipiga chafya chumba hiki, chumba cha pili wanakuitikia. Mkimbizi alitakiwa akae kambini, lakini Mama alikaa kambini mvua moja tu, akanitazama nilivyolowa, akasema mwanawe hataota ukungu kama mkate. Tukashuka mjini Kigoma. Aliyetupokea Buzebazeba ni Bi Mwanaidi, mjane wa Ujiji mwenye nyumba ya vyumba vichache na mdomo wa kutosha mtaa mzima. Aliwatangazia majirani kwamba sisi ni wakwe zake kutoka Kasulu. Namna gani mwanamke aliyeswali sala zote tano alipata wakwe wenye rozari shingoni, hakuna aliyethubutu kuuliza, kwa sababu kumuuliza Bi Mwanaidi swali la namna hiyo ilikuwa sawa na kuomba usutwe hadharani. Mama akaanza kuchemsha mawese uani na kuanika dagaa Katonga. Baba hakufika ziwani. Hayo ndiyo niliyoambiwa kuhusu Baba, na sikuomba kuongezewa. Bibi, mama mzazi wa Mama, alikuwa amekataa kukimbia. Alisema mibuni yake haiwezi kukimbia na kaburi la mumewe haliwezi kukimbia, kwa hiyo naye atabaki nao, na sisi wenye miguu twende.

Kilima chenyewe kipo nyuma ya Rumonge, juu, kwenye baridi. Jina lake silitaji, na mkivumilia kidogo mtaona kwa nini.

Kwanza lazima nieleze salamu yetu. Kwetu, wanawake wakikutana baada ya kupoteana hawaulizani habari wakaishia hapo. Wanashikana mabega, wanasogeza vichwa, mdomo unakaribia sikio, na mmoja anaanza kuimba haraka haraka, maneno yanamiminika kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Salamu hiyo inaitwa akazehe. Anayeimba anakutaja wewe na mama yako, kilima mnachokaa, kijito mnakochota maji, ng'ombe wenu kama mnaye, jirani aliyewapa moto siku moto wenu ulipozimika. Na wewe unayesalimiwa husimami kama gogo. Kila baada ya kifungu mwimbaji anaacha nafasi ndogo, nawe unaingiza sauti yako hapo, eee, yego, mpaka sauti mbili zinashikana na mtu aliye mbali hajui ipi ya nani. Asiyejibu, Mama alikuwa akiniambia, amemtangaza mwenzake kuwa ni maiti. Majina nayo hayaachwi. Salamu iliyoimbwa vizuri, ukimpa mgeni aliyezaliwa nchi nyingine, angeweza kuifuata kijito kwa kijito mpaka akagonga mlango wa aliyesalimiwa. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyojiponza.

Sasa niingie kwenye siasa, na msiogope, ilikuwa siasa ya kukalia mkeka. Kwa akili yangu ya utoto, serikali ya Burundi haikuwa Bujumbura hata kidogo. Ilikuwa uani kwa Bi Mwanaidi, kila Jumapili baada ya misa. Waziri wa Fedha alikuwa fundi baiskeli. Waziri wa Ulinzi aliuza karanga. Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa hajatoka nje ya Kigoma tangu aliposhuka mtumbwini. Walikaa pale wanagawana wilaya, wanafukuzana kazi, wanarudishana kazini, na wakipandisha sauti Bi Mwanaidi alitokeza mlangoni na ufagio. "Enyi serikali," alisema, "Waziri wa Maganda ya Karanga ni nani leo? Au nayo mnasubiri wafadhili?" Mawaziri wote wakainama kuokota. Nilicheka mpaka mbavu zikataka kutoka kunisalimu. Lakini nilipokua nikaelewa kwamba hatukupaswa kucheka sana. Ndugu zao waliofika Ulaya walikuwa wanawasikiliza, na waliobaki milimani walikuwa wanawasikiliza zaidi, kwa imani kwamba mtu aliye nje anaona mbali. Watu waliokula ugali wa muhogo Buzebazeba waliamua nani ng'ambo asalimiwe na nani asusiwe, kijana gani abaki na yupi avuke. Wakiamua vibaya, karanga zao ziliendelea kuwa tamu vile vile.

Aliyewaongoza tulimwita Katibu, watoto kwa wakubwa. Alipanga chumba cha uani, akala chungu kimoja na sisi. Alikuwa na shati moja jeupe alilolifua kila jioni na kulivaa kila asubuhi, na sauti laini, ya mtu anayemwambia mgonjwa kwamba atapona. Mimi aliniita Redio. "Redio, umeamkaje?" Nami nikimwambia shikamoo, mtaa wote uliitikia marahaba. Nilimpenda. Mtoto asiye na baba humpenda haraka mwanaume yeyote anayelikumbuka jina lake, na huyu alikuwa amenipa jina jipya kabisa.

Siku moja, masika yameanza, alitoka chumbani na redio kaseti mpya aliyotumiwa na Warundi wenzetu wa Ubelgiji. Ilikuwa kubwa, nyeusi, na vitufe vingi kuliko meno ya Bi Mwanaidi. Akaiweka mbele ya Mama kama mtu anayeleta posa.

"Mama Goreti, kule mlimani kwa mama yako kuna mwenye redio ya kanda?"

"Mwalimu wa dini anayo. Kwa nini, Katibu?"

"Basi msalimie mama yako. Uimbe hapa, wewe na Redio wetu huyu. Nina mvuvi ninayemwamini. Kabla ya kahawa kuiva, Bibi atakuwa amekusikia."

Mama alifuta mikono yenye mawese kwenye kanga, akaifuta tena, akaifuta mpaka nikadhani anataka kuing'oa ngozi. Tangu tuvuke hakuwa na habari ya Bibi, hajui yu hai au hapana. Bi Mwanaidi, aliyekuwa akisikiliza dirishani kama ilivyokuwa haki yake, akatoa kanda yake ya taarab. "Hii ilikuwa ya kumsuta yule mwanamke wa mtaa wa Mwanga," alisema. "Tumeshapatana, imenikaa bure. Rekodini juu yake." Katibu akaziba vitundu vya kanda kwa karatasi iliyotafunwa ili ikubali kurekodiwa upya, betri tukazianika juu ya bati zipate nguvu, na jua liliposhika vizuri tukakaa chini ya banda la mawese, Mama na mimi, tunalitazama lile dubwana jeusi.

Tatizo lilikuwa mabega. Mama hakujua pa kushika. Mwishowe akaishika redio yenyewe, mkono huu upande huu na mkono ule upande ule, akainamisha kichwa karibu nayo, akaanza. Sijapata kumsikia akiimba vile. Alimtaja Bibi, akataja kilima, kijito, mibuni iliyopandwa na Babu mwaka aliooa, mti wa mlangoni, kaburi. Na kila baada ya kifungu alinyamaza, akanikazia macho. "Hapo ni pa Bibi," alikuwa ameniambia kabla. "Usipaguse." Kwa mtoto kama mimi, kunyamaza ilikuwa kazi kuliko kubeba Ziwa Tanganyika kichwani kwa awamu mbili. Nikauma kanga. Zamu yangu ilipofika nikaimba mpaka kuku wakahama uani, nami nikaacha nafasi kama nilivyofundishwa, nikimwona Bibi kabisa akiingiza sauti yake pale. Kitufe kikarudi juu, klak. Mama akabaki ameishika redio. Katibu alilazimika kumbandua kidole kimoja kimoja.

Tulingoja. Mama akawa kila mtumbwi ukitokeza anaacha dagaa wake kwa kunguru na kwenda kuutazama. Halafu Katibu akarudi kutoka Katonga anatabasamu. Kanda imefika. Bibi yu hai, mzima kabisa, amelia kwa furaha, na anaomba tuimbe tena. Hata majirani wameona wivu, wanataka nao watajwe. Mama alicheza. Nasema alicheza, mwanamke ambaye tangu tufike alikuwa anatembea kama aliyebeba mtungi usioonekana. Alilizunguka banda la mawese akipiga vigelegele mpaka Bi Mwanaidi akatoka kuuliza ni nani ameolewa bila yeye kualikwa. Tukaimba tena, majirani ndani. Baada ya muda Bibi akaomba tena, na watu wa kilima cha pili nao. Tukawataja. Masika yote tuliimba; mvua ikinyesha tunangoja ikatike, ikikatika tunakaa bandani. Kila nyumba tuliyoikumbuka tuliitia kwenye salamu, na tulizikumbuka zote, maana mtu aliye ugenini hukumbuka mpaka mbwa wa jirani. Katibu alikuwa akifunga chumba chake mchana kutwa na redio yake. Nilimsikia humo ndani akiongea peke yake, ile sauti ya kumwambia mgonjwa kwamba atapona. Niliona ni jambo la kawaida. Mawaziri huongea.

Masika yalikuwa yanaisha siku niliyokuwa mwaloni nikifukuza kunguru kwenye dagaa wetu. Nilikuwa nikiwafukuza kwa kuimba, na hakuna kunguru aliyewahi kunivumilia. Boti ilikuwa imeshusha wageni, watu wenye vifurushi na macho ya kutokulala. Mwanamke mmoja kati yao akasimama. Akaja mpaka kwenye dagaa, akakanyaga dagaa bila kuona.

"Rudia," aliniambia kwa Kirundi.

"Nirudie nini?"

"Rudia ulichoimba." Nikarudia. Akaziba mdomo. "Ni wewe. Mtoto wa kanda."

Mama alikuja mbio. Yule mwanamke aliitwa Konsolata. Alikuwa ameolewa kilima kile cha pili, kile tulichokitia kwenye salamu baadaye. Mama alimkumbatia kama aliyemwona Bibi mwenyewe, akamuuliza anaijuaje sauti yangu. Konsolata akasema nani asiyeijua, kwao hata watoto wanaiigiza. Inaanza na kipande cha taarab, mwanamke analalamika kwa Kiswahili kitu kuhusu wifi yake, kinakatika, halafu anaingia mama, halafu mtoto. Akaiigiza ile taarab. Ilikuwa yenyewe, taarab ya Bi Mwanaidi, imevuka ziwa na kupanda mlima. Mama akacheka, akataka kujua Bibi alijibu nini. Na Konsolata, ambaye hakujua kwamba hatujui, akatueleza.

Siku kanda ilipofika, alisema, watu waliitwa kwa mwalimu wa dini. Bibi alikalishwa mbele. Sauti ya Mama ilipotoka, Bibi alinyanyuka, akaenda akaishika ile redio kwa mikono miwili, huku na huku, akainamisha kichwa, akaanza kujibu. Kila nafasi aliyoachiwa aliingia pale pale, eee, yego, hakukosea hata moja. Watu walilia. Konsolata alisema ilikuwa kama Mama yumo ndani ya nyumba. Mimi nikaimba, Bibi akanijibu na mimi. Halafu katikati ya jibu, Bibi akiwa mdomo wazi, akaingia mwanaume. Sauti laini. Akasema, ndugu zangu, mmesikia wenyewe watoto wenu wanaoteseka ugenini. Sisi tulio nje tumeamua. Msimu huu mtu yeyote asichume kahawa. Anayechuma anawalisha waliotufukuza. Bibi bado alikuwa ameishika redio, alisema Konsolata, akitazama mahali pa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji.

Watu walikubali. Si kwa sababu ya yule mwanaume, wasiyemjua, bali kwa sababu Bibi alikuwa ameijibu ile sauti mbele yao wote. Wakaamini hata maneno yaliyofuata yametoka kwetu. Na kanda ya pili ilipokuja na majina ya majirani, na ya tatu na ya vilima vingine, kila aliyetajwa aliona ameagizwa yeye. Buni zikawa nyekundu, zikawa nyeusi, zikaanguka. Lakini watu wa utawala hawakungoja zianguke; walikuja mapema, ile kanda ya kwanza mkononi. Hawakuhitaji kumtesa mtu wala kumhonga. Waliiwasha wakaifuata: kijito, mti wa mlangoni, kaburi. Waliingia kwa Bibi wakitaja vitu vyake kama wajukuu waliorudi nyumbani. Mibuni ya Babu ilikatwa siku hiyo hiyo. Yeye alipakiwa kwenye gari akapelekwa bondeni, kwenye mahema ya watu waliokusanywa, na homa ya mahemani ikammaliza huko.

"Lini?" Mama aliuliza.

"Kabla ya kanda ya pili," alisema Konsolata. "Ya pili hakuisikia, mama. Alikuwa ameshazikwa."

Niliwatazama kunguru wakila dagaa wetu. Hakuna aliyewafukuza. Nilikuwa najaribu kupanga, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba ile siku Mama alipocheza kuzunguka banda, Bibi anayeomba kuimbiwa tena alikuwa nani. Sikupata jibu lingine. Alikuwa Katibu. Masika yote tulikuwa tunamwimbia Katibu.

Tulimkuta uani, shati jeupe limeanikwa, yeye amevaa shuka, anakula samaki, migebuka aliyoipika Mama asubuhi. Mama hakupiga kelele. Alimwambia aliyoyasikia, moja baada ya jingine. Katibu alinawa, akapangusa vidole, akamkalisha kwa ile sauti. Hata hakukana. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwamba hakuona haja ya kukana. "Mama Goreti," alisema, "vilima vile vyote havikuchuma. Unaelewa maana yake? Bunduki zimeshindwa kufanya hivyo. Sasa watatuita mezani, na mezani hatutakwenda kama ombaomba. Mama yako amekufa kwa ajili ya nchi."

"Mama yangu alikuwa anajibu," Mama alisema. "Ulishindwa kumngoja amalize?"

Katibu akamtazama kama aliyeulizwa swali la hesabu kwa lugha asiyoijua. Naapa hakuelewa. Alianza tena habari ya meza. Hapo Bi Mwanaidi, aliyekuwa dirishani, akatoka, akapita katikati yao bila salamu, akaingia chumba cha uani, na godoro likaruka nje. Likafuata sanduku. Zikafuata ndala. "Serikali ihame," alisema. "Nimekaa na majini katika nyumba hii, nimekaa na mume mlevi, sijakaa na mtu anayemtumia mama wa mwenzake kama chambo. Na taarab yangu nirudishiwe!" Akachukua shati jeupe kwenye kamba, likiwa bado na maji, akamtupia begani. Majirani wanasema Bi Mwanaidi alimsuta mpaka mwisho wa barabara. Mimi nasema mpaka Kasulu.

Meza kweli ikaja. Katibu alikwenda kwenye mazungumzo akiwa na tai, na sisi tukamsikia redioni akisema kwa niaba ya wakimbizi. Fundi baiskeli, Waziri wetu wa Fedha, alifunga kazi akangoja kuitwa. Aliacha hata kuziba pancha, asije akaonekana na mikono michafu. Hakuitwa. Hakuna aliyeitwa kutoka mkeka ule. Tulivyosikia baadaye, Katibu alipata cheo, halafu kikubwa zaidi, halafu shamba la kahawa. Watu wanasema lipo upande wa vilima vyetu. Mimi sikwenda kuangalia, na Mama alikatazwa na miguu yake.

Miaka ikapita, nimeshakuwa mke wa mtu, tukaambiwa anakuja Kigoma kuwahimiza Warundi warudi nyumbani. Alishuka na magari mengi kuliko harusi ya tajiri. Alikuwa amenenepa, suti inang'aa, lakini sauti ile ile. Akahutubia uwanjani, akasema amani imepatikana kwa jasho la walio nje, akaangaza macho. "Kuna familia moja hapa," alisema, "ilikuwa na mtoto tuliyemwita Redio." Watu wakageuka kunitazama. Kabla sijajua nifanye nini, Mama alikuwa ameshapita kati yao, mwanamke mfupi mwenye kanga iliyopauka, akapanda jukwaani. Walinzi walisita. Nani atamzuia bibi kizee?

Akamshika mabega. Wanawake wote wa Kirundi pale uwanjani tulishtuka, maana akazehe ni ya wanawake, haimbiwi mwanaume. Mama akaanza. Alimtaja Bibi. Akataja kilima, kijito, mti, kaburi, mibuni iliyokatwa. Kisha akaacha nafasi. Katibu alitabasamu tu. Mama akaimba kifungu cha pili, akaacha nafasi. Uwanja mzima ulikuwa na wanawake waliojua kujibu. Konsolata alikuwa kando yangu, nikasikia pumzi yake ikipanda na kurudi. Hatukujibu. Ile haikuwa nafasi yetu. Mama aliendelea kumwimbia na kumwachia, kumwimbia na kumwachia, na kila nafasi ilikuwa wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Nilisema moyoni, sasa ameelewa. Sasa angalau ameelewa.

Akapiga makofi. Katikati ya kifungu, Mama bado anaimba, akaanza kupiga makofi, watu wake nao wakapiga, akasema kwenye kipaza sauti, "Asante sana mama, huo ndio utamaduni wetu!" Na kijana wake wa kamera, aliyekuwa amepiga goti mbele ya jukwaa, akainua kidole kuonyesha kwamba amepata yote.

Siku hizi nauza mawese Buzebazeba, nyumba ile ile, aliyotuachia Bi Mwanaidi baada ya kugombana na warithi wake wote. Nimesoma shule ya jioni nikiwa na watoto watatu, mwalimu wangu ni kijana niliyembeba mgongoni, na ndiye aliyenishauri niandike haya na kupunguza chumvi. Nimepunguza. Hakuna tena haja ya magunia ya dagaa. Warundi wametawanyika mpaka kwenye nchi za theluji, na serikali za uani zimehamia ndani ya simu: nalala na kuamka na sauti za watu wa Kanada na Australia wakiwaagiza walio milimani wasimame, wakae, wasusie, wapige kura hivi. Binamu yangu Deo, ambaye yuko Kanada na anafanya kazi ghala la nguo, alinipigia juzi. "Dada Gore, tuimbie ile salamu tuitangulize kwenye ujumbe wetu. Wazee kule wakiisikia wataamini. Safari hii tuko upande mzuri."

"Deo," nilimwambia, "ukiwa Kanada kila upande ni mzuri."

Akacheka. Nikamwambia nitamwimbia, sina kinyongo. Apande ndege, ashuke Kigoma, achukue bajaji, amlete mkewe mbele yangu nimshike mabega, nitamwimbia mpaka bati ling'oke. Binti yangu ninamfundisha hivyo hivyo, uso kwa uso, mikono mabegani, simu zote zimebaki ndani chini ya mto. Deo akasema nimekuwa mgumu kama bibi kizee. Kisha, kwa kutaka kunifurahisha, akanitumia video iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi yao. Nikaifungua. Alikuwa Mama jukwaani.

Mama amefariki. Hakupenda picha, na zile kanda za masika sijui ziliishia wapi. Kwa hiyo sauti yake iliyobaki duniani ni hiyo, fupi, aliyoirekodi kijana wa mtu yule. Naifungua siku ambazo nyumba imetulia. Naishika simu kwa mikono miwili, huku na huku, nainamisha kichwa, na Mama akimaliza kifungu, naingia kwenye nafasi aliyoiacha, eee, yego. Najibu haraka haraka, kabla ya makofi.